Uzito wa Nani

Siku ya malipo Nyanzala wa Ipole
aliishika karatasi mbali na macho, kisha karibu,
kisha akanipa mimi niisome kwa sauti.
Ndoo kumi na nne. Kilo kumi na saba na nusu.
"Asali yangu," akasema, "imegeuka pamba?"

Nikasema nitauangalia mtambo.
Akasema mtambo hauna mdomo,
mwenye mdomo ni aliyeulisha.

Mchana ule, ofisini Kanyenye, feni ikikoroga joto lile lile,
nikagawa kumi na saba na nusu kwa kumi na nne.
Moja na robo.
Nikagawa za Ngassa: moja na robo.
Za kikundi cha akina mama wa Tutuo: moja na robo,
kana kwamba nyuki wote wa wilaya wamekula kiapo.
Nikashuka ghalani, nikaweka mizanini
ndoo tupu, kavu, na mfuniko wake.
Moja na robo.

Tulikuwa tumewalipa watu uzito wa plastiki.

Mstari wa mia mbili na sita: zidisha uzito kwa bei.
Uzito, basi. Hauna baba, hauna ukoo.
Mhoja, aliyeiandika programu hii kabla yangu,
sasa amestaafu, anafuga bata huko Uyui,
aliacha kwenye mipangilio ya kompaila agizo moja:
majina mafupi, ruksa.
Simlaumu. Enzi zake jedwali lilikuwa moja,
na kijiji chenye Shija mmoja hakihitaji ubini.
Mimi ndiye niliyeleta jedwali la vyombo, mwezi wa tatu,
nikaipa ndoo nayo safu yake ya uzito,
nikaenda kunywa chai.
Kompaila ikaukuta uzito mahali pawili,
ikachukua wa jedwali lililotangulia,
chombo kabla ya pokezi,
wala haikukohoa.

Na sisi wenyewe tunaishije?
Uani kwetu Isevya mama akiita "Shija!" naitika mimi.
Aite hivyo sokoni, vinageuka vichwa vinne,
kimoja cha mwuza nyama, kisu mkononi.
Benki wanataka majina matatu.
Kitete hospitali wanataka matatu na kitongoji.
Kadiri unavyokwenda mbali na jiko
ndivyo jina linavyorefuka.
Hilo nalijua tangu darasa la kwanza;
sikujua kwamba programu nayo hutoka jikoni.

Usiku nikafungua mipangilio.
Majina mafupi: marufuku.
Nikabonyeza.
Makosa mia tatu na kumi na moja,
mekundu, yamejipanga kama abiria wa treni ya Mpanda,
kila moja na swali lake lile lile:
bei ya nani? tarehe ya nani? jina la nani?
Sijawahi kufurahia kukosolewa namna ile.
Nikajibu moja moja.
Pokezi, nukta, uzito.
Mkulima, nukta, jina.
Nukta yenyewe si kitu, alama ya nzi kwenye kioo,
ila kushoto kwake lazima asimame mtu.
Umeme ulikatika saa nane, nikabaki gizani
nikiyataja yaliyosalia kwa mdomo
mpaka mlinzi akaja kuniuliza nasali dini gani.

Nyanzala alirudi Alhamisi.
Alizihesabu noti mara mbili, kisha mara ya tatu kwa kunikomoa.
Karani akafungua daftari, akaandika "Nyanzala",
akamsogezea wino wa dole gumba.
Yule mama hakugusa wino.
"Malizia," akasema. "Nyanzala Mihambo Kasanda.
Ipole yuko Nyanzala mwingine,
na yule anadaiwa."