Kadibodi Chini ya Injini

Kila asubuhi naisoma kadibodi
kama wengine wasomavyo gazeti.
Jumatatu: madoa matatu, meusi, ya duara.
Jumatano: moja, kubwa kama kisosi.
Ijumaa tulitoka Metlika na mizinga kumi na minane,
na doa la Jumamosi lilikuwa na mkia.

Gari ni la mwaka tisini na mbili. Dizeli.
Linanuka nta, na moshi, na mbwa tuliyemzika zamani.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa;
kibaba changu ni sinia la kuokea keki,
na wiki mbili zimelifikisha nusu.

Cveto alijilaza chini yake, buti tu nje,
akagonga sampu kwa spana, akasema: gasketi.
Tukabadilisha gasketi.
Likavuja.
Akarudi, akajifuta mikono polepole, akasema: sili ya nyuma,
ile ya mwisho wa krenki, lazima giaboksi ishuke.
Yuro mia tisa. Kwa jirani, mia nane na hamsini.
Nikamwambia, Cveto, hiyo ni asali ya mizinga minne,
na akasia inachanua Alhamisi.

Usiku nikafanya kazi tuliyoiruka tangu mwanzo:
nikaiosha injini.
Mswaki wa zamani wa Tilen, mafuta ya taa, fulana zilizochanika,
mpaka namba yake ikasomeka,
mpaka ikawa kama mzee aliyenyolewa ndevu
na mkewe akauliza, wewe nani?
Kisha poda ya mtoto. Nikaipuliza kotekote.
Kilomita kumi hadi daraja la Kolpa, na kurudi.

Nikalala chali, tochi mdomoni, kioo cha kujipodolea mkononi.
Oili haina siri, ina hila:
hushuka kwa uzito wake,
upepo wa barabarani huisukuma nyuma,
hudondokea pale ambapo haikutokea.
Sampu ilishitakiwa bure.
Sili ilishitakiwa bure.
Juu kabisa, ubavuni mwa kifuniko cha valvu,
poda ilikuwa imelowa,
mstari mwembamba, kama wa wino.

Ningeweza kuishia hapo: gasketi nyingine, nikalale.
Lakini niliiwasha, nikafungua mdomo wa kutilia oili,
na kile kifuniko kikacheza kiganjani,
moshi ukanipiga usoni, puu, puu,
kama mtu aliyezibwa kinywa mwaka mzima
na sasa hajui aanzie wapi.

Miaka ishirini na sita nafuga nyuki.
Najua mzinga usiopumua hutoka jasho,
maji yakachuruzika kutani
na mfugaji mgeni akalaumu mbao.
Najua hayo yote.
Na bado nililaumu mbao.

Hozi ya kupumulia ilikuwa imejaa uji wa rangi ya maziwa,
mzito kama samli ya Januari:
mavuno ya safari fupi, shuleni na kurudi,
dukani na kurudi, injini isipate hata siku moja
moto wa kukausha pumzi zake.
Nikaukwangua kwa waya wa kufungia masega.
Hozi mpya, yuro kumi na moja. Gasketi ya juu, tisa.

Cveto alipita Jumatano. Aliinama, akachungulia,
akanyamaza muda wa kuvuta sigara nusu.
"Mimi," akasema, "nilikuwa nalitazama kutoka chini tu."
Hakutaja sili. Nami sikuitaja.

Alhamisi tulipakia usiku, nyuki wakinguruma nyuma,
injini ikinguruma mbele, tukapanda hadi kwenye akasia.
Asubuhi niliivuta kadibodi.
Tone moja.
Nikalizungushia penseli, nikaandika tarehe.
Gari la umri huu likikauka kabisa
usishangilie:
chomoa kijiti, upime.