Shibiri Moja Juu

Jumamosi, Barabara ya Ngong, uwanja wa magari ya mtumba.
Yamepangwa pua kwa pua, yameoshwa hadi kwenye tairi,
na Gichohi, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka kwapani,
ananizungusha kama mshenga.
"Hili, dada, si jitu na si kijigari.
Ni saizi ya mtu mwenye mshahara."

Napiga goti kwenye changarawe, natandaza kiganja:
toka ardhini hadi tumboni mwake,
shibiri moja na vidole viwili.
Langu, lile la bluu, haliachi hata nafasi ya ngumi.
Matuta ya Utawala linayajua moja moja,
na kila tuta limeramba rangi yake.

Aprili iliyopita nilitoka zamu ya usiku wodini,
maji yakaingia bila hodi,
yakaketi kiti cha abiria,
yakasoma gazeti langu lote.
Nilifika nyumbani viatu mkononi,
na kwa wiki mbili gari likanuka mto.

Halafu kuna mama na goti lake.
Akija kliniki kutoka Kabuchai
kwenye langu humteremsha kama ndoo kisimani,
kisha tunamvuta, watu wawili, hadi juu.
Kwenye lile pande la gari la mjomba Simiyu
husukumwa kwa nyuma kama gunia la mahindi
na heshima yake ikabaki chini, ikisubiri.
Lakini hapa!
Hapa angegeuka tu, akaketi,
kama aketivyo ukingoni mwa kitanda chake.

Gichohi anawasha moto. Sauti ya mwanamke
inatusalimu kwa Kijapani kutoka kwenye dashibodi.
Labda anatukaribisha. Labda anatuonya.
Gichohi anacheka: "Huyo utamzoea."

Nampigia fundi Musyimi.
"Usidanganywe na kimo," anasema, na nyundo inalia nyuma yake.
"Ni gari dogo lilelile, limevishwa gambuti.
Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta,
ya nyuma yanafuata tu kama wageni wa harusi.
Tope la kwenu halisomi matangazo.
Na ukivunja kioo cha pembeni, nusu ya kodi yako imekwenda."
"Linakunywa kidogo," Gichohi ananong'ona.
Kidogo cha nani?
Mkopo wa chama ni miezi arobaini na minane.
Nahesabu: Neema atakuwa kidato cha pili.

Tunalijaribu hadi Dagoretti Corner.
Nakiri: nilipenda.
Nilivuka tuta na kikombe cha chai hakikumwagika.
Kwa mara ya kwanza nikaona chanzo cha foleni,
si ajali, si polisi,
ni mkokoteni wa mitungi ya maji, na mwenyewe akifunga kamba ya kiatu.
Mwenye pikipiki akaniita madam.
Mgongo ukanyooka wenyewe.

Kwenye taa, msichana wa njugu.
Katika lile la bluu, muuza njugu na mimi
hutazamana jicho kwa jicho;
kuna mmoja kule Donholm huniambia, "Leo umechoka, sista,"
na huwa nimechoka.
Huyu nauona utosi wake:
mistari ya msuko, vumbi katikati ya mistari.
Ananyoosha mkono juu, na shingo pia.
Shibiri moja tu.
Taa ikawa kijani kabla sijapata sarafu.

Nikarudisha funguo. Gichohi akauliza, rangi gani?
Nikasogea kando, nikapiga simu Kabuchai.
"Mama, toka chini mpaka nyongani kwako ni urefu gani?"
Kimya. Kisha:
"Wanipimia jeneza?"
"Nakupimia gari."
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Basi lisiwe refu sana," akasema,
"nisije nikashindwa kununua ndizi dirishani."

Gichohi bado anangoja na kalamu.
Kiganja changu kina alama za changarawe.