Droo ya Tatu

Waweke kiganjani, mmoja kulia, mmoja kushoto.
Huyu wa Nyamikole, huyu wa Kirugwe.
Wamejazwa pamba tangu kabla sijazaliwa,
miguuni vikaratasi vya wino uliofifia,
na dirishani Mwanza inapanda mawe yake kama kawaida.

Tofauti? Chukua rula.
Bawa la huyu limezidi la yule kwa milimita mbili.
Huyu tumbo lake ni rangi ya muhogo uliokaa juani,
yule, ya chai iliyotiwa maziwa kwa ubahili.
Basi. Mama angesema: watoto wa baba mmoja,
mmoja kanawa uso.

Lakini wakiwa hai, wote ni sauti.
Wa Nyamikole huanza na milio mitatu inayopanda,
kisha hutetema, kama cherehani kwenye jinzi.
Wa Kirugwe huanza na mitatu ileile,
halafu hukata. Ghafla.
Kama mtu aliyekumbuka dagaa wake wako mwambani
na mvua imeshavuka ziwa.

Kati yao ni maji ya saa moja na nusu kwa mtumbwi wa injini.
Hakuna aliyewahi kuvuka, au aliyevuka hakusema.

Mwaka jana tulihesabu, mimi na Mtesigwa, matope magotini.
Nyamikole: arobaini na mmoja.
Kirugwe: kumi na tisa,
maana mafunjo yamefyekwa, yamekuwa mikeka.
Simlaumu mtu. Mmoja nimeulalia.

Fomu ya ofisini inauliza: aina moja, au mbili?
Ukijibu moja, wako sitini, faili linarudi kabatini.
Ukijibu mbili, hao kumi na tisa ni ukoo unaozimika,
na huko juu huenda mtu akainua simu.
Milimita mbili zibebe mzigo wote huo.

Jioni ya mwisho, Kirugwe, Mtesigwa aliweka spika juu ya jiwe
akafungulia sauti ya Nyamikole.
Dume akaja, akatua kwenye bua lililopinda,
manyoya ya kichwa yamesimama.
Milio mitatu. Naye akajibu mitatu.
Spika ikaanza kutetema, yeye akanyamaza,
akainamisha kichwa, hivi,
kama mtu aliyesikia lugha ya bibi yake soko la Kirumba
na haelewi zaidi ya salamu.

Tukazima.
Akarudia mitatu yake, peke yake,
na pale alipozoea kukata
akangoja.

Fomu bado iko mezani.
Nimejaza tarehe.