Kifua cha Jicho

Jicho la kulia ndilo la kazi.
Miaka ishirini na sita, Mtaa wa Narung'ombe,
nabandika lenzi nyeusi, nazama ndani ya saa za watu:
magurudumu yenye meno, springi laini kama unywele wa kichanga,
skrubu ndogo kuliko chawa.

Kisha pakaja ukungu.
Nikafuta lenzi. Nikaifuta kwa spiriti.
Ukungu ukabaki,
na ndani yake nzi watatu wasiotua.

Matone ya duka la dawa, chupa tatu.
Jirani akasema ni husuda, jicho la mtu ndani ya jicho lako;
nilicheka, na ubani nikanunua.

Upanga, kliniki ya macho, Daktari Ndelilio
alinitia tone, mboni ikafunguka kama mlango wa duka,
akaegemea mtambo, taa nyembamba kama wembe,
akanyamaza.
Ukimya ule naujua.
Ni wa fundi aliyefungua saa akakuta kutu
mahali maji hayafiki.

Unakohoa? Sikohoi.
Jasho la usiku? Dar, mwezi wa pili, nani halowi?
Picha ya kifua safi. Kaswende hapana, ukimwi hapana.
Wakanidunga chini ya ngozi ya mkono;
siku ya tatu uvimbe umesimama,
akaupima kwa rula: milimita kumi na tisa.

"Fundi, mdudu mwenyewe sitakuonyesha,
jicho halichotwi kama kisima.
Nasoma nyayo. Nadhani ni kifua kikuu."
Jicho nalo lina kifua?
Akacheka kidogo, akaandika.

Vidonge vinne alfajiri, tumbo tupu,
Sikudhani akihesabu kwa sauti kama dalali wa mnadani.
Mkojo rangi ya Fanta.
Na kila mwezi kitabu cha vitone:
nyekundu iko wapi, kijani kiko wapi?
Maana dawa mojawapo, alinionya,
huja kuokoa nyumba na huweza kuondoka na mapazia.

Mwezi wa tatu nzi mmoja akatoweka.
Wa tano, wa pili.

Leo nimefungua saa ya mteja, imesimama tangu Machi.
Springi ile, naiona, inapumua.
Nzi wa tatu bado yupo, pembeni, karibu na saa nne.
Daktari asema ni kovu, halitoki.
Basi akae.
Nafanya kazi naye.