Kiti cha Safu ya Nne

Kwetu Taita ibada ilikuwa Jumapili.
Hapa Maskati huja Ijumaa, saa nane mchana,
Wamalayali wakishatoka
na kabla Wafilipino hawajaleta magitaa yao.
Tunapewa saa moja na nusu, chumba cha juu,
kiyoyozi kimoja chenye kikohozi.
Ukichelewa, utaikuta Baba Yetu
imeshafika kwenye deni na wadeni.

Kutoka kituo cha basi hadi lango la Ghala
lami ya Julai hung'ang'ania soli.
Blauzi ya ibada naibeba kwenye mfuko,
nabadili chooni, nanawa uso,
napanda ngazi.

Nisiseme uongo.
Ziko Ijumaa nilizoimba nikipiga hesabu ya karo.
Yako mahubiri niliyoyalala macho wazi.
Mwinjilisti Ndelilio ni fundi wa viyoyozi,
huhubiri kama anayesoma mita:
polepole, tarakimu kwa tarakimu.
Siku moja ngazini nikamwambia Tumsifu,
"Mimi sioni kinachoongezeka."
Akasema, "Chumvi ikishayeyuka, nani huiona?"
Akatazama saa. Basi la Barka halimngoji mtu.

Ikaja Ijumaa ya wageni: nilipika kutwa.
Ikaja ya pili, mgongo unauma.
Ya tatu haikuwa na sababu.
Nililala tu, nikahesabu vigae vya dari,
na hiyo isiyo na sababu
ndiyo iliyonitia hofu kidogo,
kisha hata hofu ikapoa.

Ya nne, Bi Zuwena akaniita kutoka mswalani.
Ni mama wa tajiri wangu, mzaliwa wa Unguja,
Kiswahili chake bado kina marashi ya Malindi.
"Wee Wakesho! Saa sita na nusu hii.
Leo tena huendi kwenu kanisani?"
Nikasema, nimechoka, bibi.
Akacheka kwa pua.
"Na magoti yangu haya, wadhani ni mapya?
Mara tano kwa siku, na nyingine nasinzia.
Nenda. Kisha urudi unitie dawa ya macho,
na usinichelewee."
Haikuwa sauti ya huruma.
Ilikuwa sauti ya mtu mwenye ratiba.

Nikafika wimbo wa kwanza unaisha.
Watu wamejaa, kijana mgeni wa Busia
amesimama, bega ukutani.
Safu ya nne, kiti kile cha plastiki
chenye mguu uliofungwa waya,
na juu yake mkoba wa Tumsifu.
Hakugeuka. Aliuchukua mkoba, akaupakata,
akanisogezea kitabu,
kidole chake kwenye ubeti wa pili.

Kijana aliniambia baadaye, akicheka,
kwamba wiki tatu mkoba ule ulikaa vile,
na kila aliyeuliza alijibiwa,
"Kina mwenyewe."

Ukaja wakati wa maombi.
Mzee Mwashigadi akafungua daftari lake la mraba:
figo ya dada wa Sohar,
pasipoti ya Barasa iliyo kwa wakala,
mtoto wa Anyelwisye aliyezaliwa Tukuyu baba hayupo,
Wakesho.
Jina tu. Hakuna walichoandika mbele yake.
Hawakujua naugua nini,
na mimi sikujua
mpaka niliposikia likisomwa
na chumba kizima kikasema, Bwana utusikie,
nami nikasema nao, kwa kuchelewa kidogo,
kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha nyuma.

Nilirudi jua likiinama nyuma ya minara.
Bi Zuwena alikuwa amelala chali, anangoja,
kope amezivuta kwa vidole viwili.
"Mmesoma nini leo?"
"Majina," nikasema.
Akanyamaza.
Tone jicho la kulia.
Tone jicho la kushoto.
Akapepesa, maji yakamtiririka hadi masikioni.
"Ijumaa ijayo," akasema,
"usingoje nikuite."