Tundu la Tatu

Katalogi iko mezani, pembe zake zimelowa grisi:
hedi mpya ya alumini, nyeupe kama jino la utotoni,
valvu pana, njia za hewa zimechongwa na mashine
isiyojua uchovu wala Jumapili.
Bei yake, Ragnvald, ni bati zima la upande wa kaskazini
na kuni za Machi.

Wewe wasema chuma hiki cha kusubu ni mzigo,
kilo ishirini na ushei za ukaidi,
na kwamba Sixten alifunga mpya mwaka jana
akatuacha kwenye kona ya pili ya ziwa
tukimeza theluji yake.
Kweli. Niliimeza. Ilikuwa na ladha ya petroli.

Lakini nipe siku nne.
Nipe hedi hii tuliyozaliwa tukaikuta,
tupa, msasa, na kile kisagio kinacholia kama mbu.
Sitaki tundu kubwa. Hewa si ng'ombe
wa kufunguliwa lango.
Hewa ni mgeni mwenye haya:
ukimwekea kizingiti hujikwaa,
ukimpa ukumbi mpana mno husimama akishangaa,
asifike mezani.
Nitaondoa tu kile kinundu kilichosahauliwa kiwandani,
pale mtu wa kalibu alipochoka Ijumaa mchana.

Nje ni digrii ishirini na sita chini ya sifuri.
Ni saa tisa alasiri, na Arvidsjaur
giza limeshaipiga kufuli.
Naosha masizi kwa dizeli,
nasogeza taa kwenye tundu la kwanza.
Halina kinundu.

La pili pia. Laini kama ndani ya kikombe.
Mtu kapita hapa kabla yangu.
Na mikwaruzo yake, Ragnvald, njoo uone,
imelalia upande usio wa Baba.
Baba kila kitu alikifanya kwa mkono wa kulia,
hata kukukuna kichwa.
Hii ni kazi ya mashoto.
Na nyumba hii ilikuwa na mashoto wawili:
mimi, na yule aliyeshona mapazia chumba cha pili
huku sisi tukimpigia Baba makofi kwa mwendo wa gari.

Tundu la tatu lina kovu.
Alipitiliza. Milimita moja, labda haifiki,
akakutana na maji ya kupozea.
Akaziba kwa shaba, akalainisha, akanyamaza.
La nne hakuligusa.

Miaka thelathini na mmoja tumeiendesha siri yake
tukiiita hedi ya kiwandani.
Tumeitukana kwa jina hilo. Juzi tu umeitukana.

Basi agiza hiyo alumini, sibishi tena.
Februari barafu haitamwonea mtu huruma,
na Sixten hangoji watu wamalize kukumbuka.
Bati tutalitia kiraka.

Ila usiniite kula.
Kisagio nimekihamishia kushoto.
Hedi hii haitakimbia tena popote, najua,
itakaa rafuni kati ya makopo ya rangi,
lakini nina tundu moja la kumaliza,
na sasa najua ukuta unaishia wapi.