Karatasi ya Binti

Kadhi Mwinchande wa Mikindani alikuwa na vitabu vinne,
na kimoja tu ndicho alichokisoma.
Vile vitatu vilikuwa vya kuonwa na wageni.

Hicho kimoja, cha mirathi, karatasi arobaini,
alikimaliza kila mwaka kabla ya ufuta kuvunwa,
akaanza tena, kama fundi apigaye lipu ukuta uleule.
Alisoma kwa sauti. Kusoma kimya, alisema, ni kula gizani.
Kidole hakikugusa herufi, alifuatisha njiti ya ufagio,
na mkewe Somoe akashika taa ya mafuta ya mbarika,
miayo yake ikitikisa mwanga juu ya mafungu ya wafu.

Pembezoni aliandika mengine:
*Leo mvua. Jino la kushoto.
Nalinga adaiwa pishi sita.
Mbuzi amekula mlango wa wasia. Nimeuandika upya kwa kichwa,
Mungu anisamehe nilipokosea.*

Alipokufa, wanawe hawakugombana.
Walikuwa wamesikia mno.
Wakagawa shamba, wakagawa mitungi,
wakauza vile vitatu kwa mgeni mmoja aliyevisifu majalada.
Hiki hakuna aliyekubali kukikosa.
Basi wakakata uzi.

Thumuni ya mjane: karatasi tano.
Wana wa kiume watatu, kumi kumi.
Binti, tano.
Hesabu ikatimia bila salio.
Nadhani marehemu angefurahi kwanza,
halafu angeangalia ule uzi.

Kumi zilikwenda Sudi, mchwa wakazisoma.
Kumi zilivuka Ruvuma na mwenyewe, hazijarudi.
Kumi sijui, watu wa Lindi hawajibu.
Za mjane zilioshwa kombe, moja moja,
wajukuu wakanywa sheria na homa ikashuka.

Za binti imebaki moja.
Ninayo mimi, Chikongola, ndani ya kopo la biskuti.

Inaanza katikati ya sentensi, kama mtu aliyekatizwa na hodi.
Kiarabu cheusi, na Kiswahili chake chekundu kati ya mistari,
kikishuka hadi mwisho kabisa:
*na binti akiwa peke yake hupata*

Hapo imekatika.

Ila waandishi wa zamani walikuwa na desturi:
chini, pembeni, kwa mlazo,
huandika neno la kwanza la ukurasa ujao,
karatasi zisipotezane.
Limefifia. Nimelipeleka dirishani,
nimeligeuza, nimelisogeza kwenye jua.

*Nusu.*